Mashine ya kidoleni: inaionaje oksijeni bila kumtoboa mtu, na lini inadanganywa

#1 FundiSaketi

Wakuu, za jioni.

Mimi ni fundi wa vifaa tiba. Mashine ya hospitali ikigoma, naitwa mimi. Jumamosi iliyopita, saa sita kasoro usiku, simu inaita: "Fundi njoo chap, kipimo cha oksijeni kimekufa na tuna mgonjwa." Nikadaka bodaboda. Nafika namkuta bi harusi, gauni bado mwilini, kaanguka ukumbini. Tangu alfajiri hajatia kitu tumboni, na gauni limefungwa kamba mgongoni hadi anahema juujuu. Nesi wa zamu keshabadilisha mashine tatu. Zote zinaonesha vistari viwili tu mahali pa namba.

Nikamwangalia mikono. Piko. Nyeusi tii, kuanzia viganjani hadi ncha za vidole, kucha zote kumi zimezama humo. Miguuni hivyohivyo. Nikafungua kabati, nikatoa klipu ya sikio ambayo tangu iletwe ilikuwa haijatoka kwenye boksi lake, nikambana kwenye ndewe. Sekunde kumi hivi, 97. Mama mkwe akapiga kigelegele palepale wodini, ikabidi nesi amtulize.

Mashine haikuwa imekufa. Ilikuwa imefungwa macho. Manesi wale wakaanza kuniuliza: hivi hiki kidude kinajuaje mambo ya ndani ya damu na hakuna sindano iliyopita? Nimewajibu nusunusu nikiwa nafunga begi, kwa hiyo hapa najibu sawasawa.

Anza na jaribio la bure. Zima taa ya chumba, washa tochi ya simu, iwekee kidole juu. Kidole kinawaka chekundu. Mwanga wa tochi ni mweupe, una rangi zote ndani yake, lakini bluu na kijani zinamezwa na damu na nyama, nyekundu ndiyo inayotokea upande wa pili. Maana yake mwanga mwekundu unapita mwilini. Na kama unapita, unaweza kurudi na habari.

Damu inabeba oksijeni kwa himoglobini. Himoglobini yenye oksijeni ni nyekundu ya kung'aa. Isiyo nayo inaelekea kwenye zambarau. Ukimwangalia mtu anayekosa hewa utaona midomo imebadilika rangi, ni kitu hichohicho. Sasa ndani ya ile klipu kuna vitaa viwili. Kimoja kinatoa mwanga mwekundu wa nanomita 660, kingine mwanga wa infraredi wa nanomita 940 ambao jicho letu haliuoni. Himoglobini isiyo na oksijeni inaumeza sana ule mwekundu. Yenye oksijeni inauachia mwekundu upite, lakini inaumeza zaidi ule wa infraredi. Vitaa vinapokezana kuwaka mamia ya mara kwa sekunde, na upande wa pili wa kidole kuna kipokea mwanga kinachohesabu kilichovuka. Linganisha viwili, unapata jibu.

Ingekuwa rahisi hivyo, kifaa hiki kingekuwepo tangu zamani za babu zetu. Shida ni kwamba kidole si damu tupu. Kuna ngozi, ukucha, mfupa, mafuta, na damu ya vena inayorudi ikiwa imeshatumika. Vyote vinameza mwanga. Unajuaje kilichomezwa na damu freshi ya ateri peke yake?

Watu walihangaika. Karl Matthes alijaribu sikioni kule Leipzig mwaka 1935 kwa rangi mbili za mwanga. Miaka ya 1940 Glenn Millikan akatengeneza kifaa cha sikio kwa ajili ya marubani wa vita waliokuwa wakizirai angani, na jina oksimita ndiye aliyelitunga. Vilifanya kazi, ila kwa mateso. Kuna vilivyotaka sikio lipashwe moto, na vingine lazima ulibane kwanza sikio hadi damu iliyomo isogee pembeni ili kipate pa kuanzia.

Aliyekata mzizi ni mhandisi wa Kijapani, Takuo Aoyagi, wa kampuni ya Nihon Kohden ya Tokyo. Na hapa ndipo ninapopapenda, maana hata hakuwa anatafuta oksijeni. Alikuwa anapima moyo unasukuma damu kiasi gani: unamdunga mtu rangi kwenye mshipa, unaiangalia ikipita sikioni kwa mwanga. Lakini kila moyo ukidunda, mstari wake kwenye karatasi ulikuwa unaruka. Kero tupu. Akajaribu kuifuta ile mirukoruko kwa kulinganisha mianga miwili, akagundua kila oksijeni ya mtu ikibadilika, ufutaji unaharibika. Mtu mwingine angetukana akaenda kunywa chai. Yeye akaona kwamba kile anachokifuta ndicho chenye habari. Ngozi hairuki, mfupa hauruki, ukucha hauruki. Kinachoruka na kila pigo ni damu ya ateri inayoingia. Basi achana na mwanga wote uliotulia, hesabu ule unaorukaruka tu, ambao ni kama asilimia moja au mbili ya mwanga wote. Hiyo ni 1972. Mwaka 1974 akaliwasilisha mbele ya wenzake, na kampuni yake ikapeleka ombi la hataza. Wiki chache tu baadaye Minolta nao wakapeleka la kwao, wazo lilelile.

Aoyagi alifariki Aprili 2020, akiwa na miaka 84, wiki zilezile dunia nzima ilipokuwa inagombania kifaa chake.

Maswali karibuni. Nitajibu ninayoyajua.

#2 Chakubimbi

Nimezima taa nimejaribu tochi, mke wangu kaniuliza nimerukwa na akili. Kidole kinawaka kweli.

#3 Kipepeo_wa_Tanga

Hahaha bi harusi wa watu. Ila mkuu, hina ya kawaida nayo inazuia? Huku kwetu hina ni kila wiki.

#4 FundiSaketi

@Kipepeo_wa_Tanga hina nyekundu kwa kawaida haisumbui. Mwenye lawama ni piko nyeusi iliyokolea, na rangi za kucha za giza kama bluu na nyeusi. Ukikwama, geuza klipu ikae ubavuni mwa kidole, mwanga usipite kwenye ukucha.

#5 Mwana_wa_Rehema

Wakuu samahani naingilia. Mama yangu ana miaka 68, anakohoa siku ya nne leo, homa ipo. Ninacho hicho kifaa, nilikinunua wakati wa korona. Kinasoma 91, mara 92. Ila mwenyewe anasema hana shida, kakaa hapa anaangalia taarifa ya habari. Kifaa kibovu au vipi?

#6 FundiSaketi

@Mwana_wa_Rehema pole sana ndugu. Mimi si daktari, nakupa upande wa mashine. Hakikisha mikono ya mama ina joto, akae atulie, kidole kiingie hadi mwisho. Subiri hata dakika nzima. Halafu angalia namba ya mapigo ambayo kifaa kinaonesha, na wewe mwenyewe mshike mama kwenye kifundo cha mkono uhesabu mapigo kwa dakika. Zikilingana, kifaa kinaona damu kweli. Zikipishana mno, namba ya oksijeni itupe, haina maana. Jaribu na kidole kingine.

Kama bado ni 91, usisubiri asubuhi.

#7 NesiMstaafu

Mwana_wa_Rehema, mwanangu, weka simu chini umhesabie mama pumzi. Angalia kifua kikipanda, dakika nzima, usimwambie kuwa unahesabu. Halafu urudi hapa.

#8 Bakora

Hii ya kusema "hana shida" ndiyo iliyotuulia wazee wakati wa korona. Mtu anapiga stori oksijeni iko 80.

#9 FundiSaketi

Kweli @Bakora, na sababu yake iko kwenye jinsi himoglobini inavyoachia oksijeni. Ukichora mstari wake ni kama mlima wenye uwanda juu. Kutoka 98 hadi 92 unatembea uwandani, mwili hauhisi sana. Ukifika 90 uko ukingoni, na kutoka hapo ni mteremko mkali. Oksijeni kidogo tu ikipungua kwenye mapafu, asilimia zinaporomoka. Na kinachomfanya mtu ahisi kusongwa hasa ni hewa ya kabonidioksaidi kujaa mwilini. Kama bado anaitoa vizuri, anaweza kukosa oksijeni na asijue.

#10 Mguu_wa_Kibo

Mimi ni mwongoza watalii Kilimanjaro. Hicho kidude ni cha kila siku kwetu, asubuhi na jioni kila mgeni anatoa kidole ndani ya hema la chakula, tunaandika kwenye daftari. Pale kambi ya Barafu, mita 4,673, mtu anasoma 80 au 82 na anamaliza ugali wake. Ungempeleka hospitali ya Moshi mjini na namba hiyo wangemkimbiza na machela. Kwa hiyo namba inategemea umesimama wapi. Kilele cha Uhuru ni mita 5,895, mgandamizo wa hewa ni karibu nusu ya ule wa Dar.

Ninachoangalia mimi si 80 yenyewe. Naangalia jana alikuwa ngapi, wenzake wana ngapi, na anatembea vipi. Mgeni mwenye 84 anayeyumba kama mlevi na kichwa kinampasuka, namshusha. Mwenye 78 anayenitania, namwacha apumzike kwanza, nampima tena. Na mikono! Juu kule vidole vimekuwa barafu, mashine haisomi. Tunawaambia waweke mikono kwapani kwanza, au washike kikombe cha chai.

#11 FundiSaketi

@Mguu_wa_Kibo nilikuwa nasubiri mtu wa mlimani aje. Baridi inafunga mishipa ya vidole, damu inayodunda inakuwa haba, na mashine inaishi kwa mdundo. Ndiyo maana mgonjwa aliyepoteza damu nyingi, presha imeshuka, klipu inahangaika. Wakati mwingine kuhangaika kwenyewe ndiyo habari.

#12 Mwana_wa_Rehema

Nimehesabu. Pumzi 29. Mapigo niliyohesabu ni 104, kifaa kinasema 106. Kidole kingine 91.

#13 NesiMstaafu

Basi kifaa hakidanganyi. Mtu mzima aliyetulia hapumui 29. Nendeni hospitali sasa hivi, mwanangu, akae wima kwenye gari, asilale. Shikamoo yake umfikishie. Utatupa habari.

#14 Mwana_wa_Rehema

Sawa mama. Tunatoka.

#15 Dodoma_kwetu

Mungu amtangulie. Fundi, mimi nina swali la mtoto wa dada yangu, ana selimundu. Akiugua anachoka, mweupe viganja, anahema. Wakimpima oksijeni wanasema 97, hana tatizo. Inakuwaje?

#16 FundiSaketi

@Dodoma_kwetu swali zuri kuliko yote mpaka sasa.

Chukulia himoglobini ni daladala na oksijeni ni abiria. Mashine inakwambia asilimia ya viti vilivyokaliwa. Haikwambii daladala ziko ngapi barabarani. Mtu mwenye himoglobini ya 15 akiwa na viti vyote vimejaa, kila mililita 100 za damu yake zinabeba kama mililita 20 za oksijeni. Mwenye himoglobini ya 5, viti vimejaa vilevile, anabeba chini ya 7. Wote wawili kioo kinaandika 99. Mmoja ana kituo kizima cha magari, mwenzake ana matatu. Ndiyo maana moyo wake unakimbia na anahema: magari machache inabidi yaende mbio.

Kwa hiyo kwa mtoto mwenye upungufu wa damu, namba nzuri kidoleni haimalizi kesi. Inabidi damu yenyewe ipimwe. Na kwa selimundu namba yenyewe inaweza kupishana kidogo na hali halisi, kwa hiyo dada yako awe anajua namba ya kawaida ya mwanawe siku akiwa mzima, aiandike mahali. Ikishuka kutoka hapo, aende.

#17 Dodoma_kwetu

Daladala nimeielewa kuliko nilivyoelezwa hospitali miaka minne. Asante kaka.

#18 Kipepeo_wa_Tanga

Na ule moshi wa jiko la mkaa? Mwaka juzi jirani zetu walilala na jiko ndani, mvua inanyesha, madirisha yamefungwa. Tuliwavunjia mlango asubuhi. Zahanati waliwabana vidole wakasoma 98 wote wawili, tukaambiwa ni uchovu tu. Mume hakuamka.

#19 FundiSaketi

Dah. Poleni sana.

Hapa ndipo mwanga wa rangi mbili unaposhindwa kabisa, na kila mtu anayeshika hicho kifaa inabidi alijue hili. Mkaa ukiungua pasipo hewa ya kutosha unatoa kaboni monoksaidi. Haina rangi, haina harufu. Inaishika himoglobini zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Kwa mfano wetu wa daladala, ni abiria aliyekaa kwenye kiti, halipi na hashuki. Na himoglobini iliyoshikwa na gesi hiyo ni nyekundu ya kung'aa, kwa ule mwanga wa 660 inafanana mno na ile yenye oksijeni. Mashine inaona viti vimejaa, inaandika 98. Haijaharibika, imetengenezwa kutofautisha vitu viwili na hapa umeiletea cha tatu.

Zipo mashine zenye mianga mingi zaidi zinazoweza kuitambua gesi hiyo, ila si hizi za kubana kidole tulizozoea. Mtu ametolewa chumbani kwenye jiko la mkaa, kichwa kinamuuma, anatapika au hajitambui: usiangalie namba. Mtoeni nje kwenye hewa, apewe oksijeni, tena nyingi, basi.

#20 Bakora

Aiseh. Hii ya mkaa ilitakiwa iwe bandiko la kwanza.

#21 NesiMstaafu

Mimi nimefanya kazi wodi ya watoto njiti miaka mingi, niongeze la kwangu. Watu wanadhani oksijeni ikiwa nyingi ndiyo heri. Kwa njiti si hivyo. Miaka ya 1940 na 1950 huko Marekani na Ulaya waliwafungulia oksijeni bila kipimo kwenye vile visanduku vya joto. Mishipa ya macho ya mtoto bado haijamaliza kukua, oksijeni ikizidi inaiharibu. Watoto wakapona mapafu, wakapofuka, maelfu. Mwanamuziki Stevie Wonder ni mmojawapo, alizaliwa njiti mwaka 1950.

Sasa kwa kipimo cha mguuni unaona. Njiti akiwa kwenye oksijeni tunamshikilia kati ya 90 na 95. Ikipanda 99 tunapunguza. Kwa mtoto si klipu, ni utepe laini unaozungushwa kwenye unyayo, kwa sababu kidole chake ni kama njiti ya kiberiti kweli. Na akiwa chini ya ile taa ya bluu ya kutibu ugonjwa wa manjano, tunaufunika mguu kwa kipande cha kitenge, maana mwanga wa taa unaingia kwenye kipokezi mashine inachanganyikiwa. Wasichana wapya wakija wanaulizana huyu kafunikwa mguu mmoja kwa nini.

#22 Chakubimbi

Shikamoo mama. Hapo kwenye kitenge umenimaliza.

#23 MsafiriLeicester

Habari za huko nyumbani. Niko Uingereza, nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee. Kuna jambo limezungumzwa sana huku na sioni mtu kaligusa. Inasemekana hivi vifaa vinawasomea watu weusi namba nzuri kuliko ukweli. Fundi, ni kweli au ni maneno ya mitandaoni?

#24 Bakora

Hapa ndipo nilipokuwa nasubiri.

#25 FundiSaketi

Ni kweli. Na nilitaka kulileta mwishoni, lakini limeshafika.

Turudi kwenye namba inavyopatikana. Kile kilichovuka cha mwekundu na kile cha infraredi vinagawanywa, unapata uwiano. Uwiano ukiwa 1, oksijeni ni karibu asilimia 85. Hizo asilimia hazitoki kwenye fizikia tupu, kwa sababu mwanga ndani ya nyama unatawanyika ovyo. Zinatoka kwenye jedwali. Kampuni inachukua watu wenye afya, inawapa hewa yenye oksijeni pungufu hatua kwa hatua hadi wafike kama asilimia 70, na kila hatua inawatoa damu ya ateri na kuipima maabara. Uwiano huu sawa na asilimia hii. Jedwali linaingizwa kwenye mashine. (Ndiyo maana chini ya 70 namba ni ya kukisia, hakuna aliyeruhusiwa kushushwa zaidi ya hapo.)

Swali la kujiuliza ni: watu hao walikuwa akina nani? Mwongozo wa Marekani wa mwaka 2013 ulitaka watu 10 au zaidi, na kati yao weusi sana wawili tu, au asilimia 15. Wawili! Melanini, kile kinachoipa ngozi weusi wake, inameza mwanga, hasa ule mwekundu. Nimesema ngozi hairuki kwa hiyo haihesabiwi, na ndivyo Aoyagi alivyotarajia, lakini kwa vitendo inavuruga kidogo, na inavuruga zaidi pale oksijeni inaposhuka, yaani palepale unapoihitaji mashine.

Utafiti wa mwaka 1990 wa Marekani ulishalionesha. Kukawa kimya. Desemba 2020, katikati ya korona, madaktari wa Michigan wakalinganisha namba za kidoleni na damu yenyewe. Pale ambapo mashine ilisema 92 hadi 96, kwa wagonjwa weupe asilimia 3.6 damu ilikuwa kwa kweli chini ya 88. Kwa weusi ni asilimia 11.7. Karibu mara tatu. Mtu yuko ukingoni na kioo kinaandika yuko salama. Januari 2025 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani ikatoa rasimu ya mwongozo mpya inayotaka watu wengi zaidi, zaidi ya 100, na rangi za ngozi zipimwe kwa vipimo, si kwa macho peke yake.

#26 Bakora

Miaka 30 wanajua wamenyamaza. Halafu sisi ndio tunaoviagiza kwa makontena. Mimi nashauri vitupwe vyote.

#27 FundiSaketi

@Bakora hasira yako ninayo pia, ila tukivitupa tunarudi wapi? Kabla ya hivi kulikuwa na njia mbili. Moja ni kuangalia midomo na kucha kwa macho, na kwenye ngozi zetu rangi ile inaonekana imechelewa sana. Ya pili ni sindano kwenye ateri ya kifundo cha mkono. Nimechomwa hiyo mara moja, sitaki kuisikia tena, na inakupa jibu la dakika ile tu. Kifaa kinachokosea kwa namba chache na kinafanya kazi usiku kucha ni bora kuliko kukosa.

Vyumba vya upasuaji zaidi ya 70,000 duniani vilikadiriwa mwaka 2010 kuwa havina hata kimoja. Mtu analazwa kwa dawa ya usingizi na anayemlinda anategemea macho yake. Shirika la Lifebox lilianzishwa 2011 kwa ajili ya pengo hilo.

Ninachofanya mimi kwa vitendo: kwa ngozi nyeusi, 93 siichukulii kama 93 ya kwenye kitabu. Naichukulia kama swali. Naangalia mwenendo: jana ngapi, saa iliyopita ngapi. Na sinunui kifaa ambacho hakina hata kijitabu cha kueleza kilipimwa vipi. Kariakoo vipo ambavyo ukivibana kwenye kalamu vinatoa namba.

#28 MsafiriLeicester

Umeeleza vizuri. Nitawasomea wenzangu zamu ya kesho.

#29 Chakubimbi

Mkuu na saa za mkononi? Yangu inasema 96 nikiwa nimelala.

#30 FundiSaketi

@Chakubimbi ya kwako haivushi mwanga, inaurudisha. Kitaa na kipokezi viko upande mmoja, inasoma kilichogonga nyama kikarudi. Mkono ukitikisika au saa ikilegea, namba inaruka. Kwa kujifurahisha sawa. Kwa mama wa Mwana_wa_Rehema, hapana.

Ila mwanga wa kurudi una kazi kubwa sehemu nyingine. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke alionesha kwamba mwanga wa infraredi ya karibu, kati ya nanomita 700 na 900 hivi, unapenya hadi kwenye ubongo, hata fuvu haliuzuii. Leo kwenye upasuaji wa moyo mgonjwa anabandikwa vipande viwili kwenye paji la uso, daktari wa usingizi anaona ubongo unapata oksijeni au la. Namba zake ziko chini, 60 hadi 75 ni kawaida, kwa sababu pale inapimwa damu yote pamoja na ile inayorudi. Mtu asiyejua akiona 65 atapiga mayowe.

#31 Kipepeo_wa_Tanga

Mwana_wa_Rehema kapotea. Kuna mwenye habari?

#32 NesiMstaafu

Mimi pia naangalia simu.

#33 Mwana_wa_Rehema

Wakuu, nimerudi, samahani simu ilizima. Ni kichomi, pafu la kulia. Mashine yao ilisoma 89, yangu bado ilisema 91. Wakamchoma ile sindano ya kwenye mkono aliyoisema fundi, ikatoka 86. Mama alipiga kelele wodi nzima ikaamka. Wamemlaza, yuko kwenye oksijeni na dawa za mshipa, sasa hivi anasoma 95 na amelala.

Daktari kaniuliza nani kakwambia umlete usiku. Nimeshindwa kumweleza kuwa ni watu wa mtandaoni.

#34 NesiMstaafu

Alhamdulillahi. Kesho umpe uji wa moto, na mikono ikae ndani ya shuka.

#35 FundiSaketi

91, 89, 86. Wakuu, mmeona wenyewe.

#36 Mwana_wa_Rehema

Kaamka. Anauliza hiki cha kidoleni atavuliwa lini, anasema kinambana na pete yake.